Mashine Mpya kwa Boti Kuukuu ya Uvuvi: Ipi Ununue Kwanza

Kabla ya kuuliza bei, tazama shetri, yaani ukuta wa nyuma wa boti ambako mashine hufungwa. Vua mashine ya zamani, kisha gonga mbao kwa nyundo ndogo kuanzia kwenye matundu ya bolti kwenda nje. Ubao mzima hulia kwa ukali, uliooza hutoa sauti bubu. Boti za faiba ndizo hudanganya zaidi: ndani ya shetri mara nyingi mna plaiwudi, na maji yakishapenya huila taratibu huku nje pakimeremeta. Shetri mbovu itengenezwe kwanza, hata kama pesa ya mashine unayo mkononi. Halafu pima kutoka ukingo wake wa juu hadi chini ya boti. Ikiwa karibu sentimita 38, nunua mashine ya mguu mfupi, yaani ile sehemu inayoshuka majini hadi kwenye propela. Ikiwa 51, mguu mrefu. Ukifunga mfupi penye shetri ndefu, propela itanyonya hewa.

Namba moja kwangu ni Yamaha Enduro ya HP 15 (nguvu ya farasi 15), ile ya stroki mbili, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Ina kilo kama 36, hivyo watu wawili wanaibeba mpaka nyumbani bila shida, na mafundi wengi wa pwani wanaijua. Lita 20 za petroli hutaka mililita 400 za oili; saa 10 za mwanzo weka mara mbili ya hapo. Oili iwe ya mashine za boti, si ya pikipiki.

Wengi hukimbilia HP 40. Mashua nzito ya mbao yenye urefu wa futi 25 majini, mwendo wake wa asili ni noti (maili za baharini kwa saa) 6 au 7 tu. Ukiilazimisha zaidi unachoma petroli kutengeneza mawimbi. HP 40 inafaa boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa.

Ya pili ni HP 15 ya stroki nne, ambayo oili yake haichanganywi na petroli. Kwa wanaorambaza nguru, yaani kukokota ndoano nyuma ya boti, kutwa nzima ningeipandisha iwe ya kwanza, kwa sababu hunywa mafuta kidogo sana. Lakini inapita kilo 50, na uzito huo wote unakaa tezi, nyuma ya boti. Oili yake hubadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100, na asiyeweza kufuata ratiba hiyo asiinunue.

Za Kichina, kama Hidea na Parsun, naziweka nafasi ya tatu. Bei yake ni nafuu. Nunua kwa muuzaji ambaye vipuri kama impela (ya pampu ya maji ya kupoza) na koili (ya umeme wa plagi) viko dukani kwake, uvione kwa macho.

Mtumba ni wa mwisho. Fungua skrubu ya chini ya gia boksi utoe oili kidogo: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mashine hiyo iache hapohapo.