Pleya za hi-res za kubadilisha amplifaya: ninavyozipanga mimi

Wadau, kabla hujauliza bei chukua hedifoni zako zote uziweke mezani kwanza. Kama una iafoni moja tu ya kuchomeka sikioni na huna mpango wa kuongeza, hizi pleya (vifaa vya mkononi vya kusikilizia muziki wa ubora wa juu, yaani hi-res) achana nazo, nunua ya kawaida na hela inayobaki panda daraja la iafoni. Hizi ni za mtu mwenye vitu viwili visivyopatana, yaani una iafoni nyepesi ambayo ukiipa nguvu nyingi unaanza kusikia ile shhhh nyuma ya muziki, halafu hapohapo una hedifoni kubwa kama Sennheiser HD 600 ya omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ambayo ukiipa nguvu kidogo besi inakonda na waimbaji wanasikika kama wamebanwa. Amplifaya moja kuziridhisha zote mbili ni ngumu, ndo maana wakaja na hii ya kuchomoa kipande cha amplifaya, yaani moduli, na kuweka kingine.

Namba moja kwangu ni iBasso DX300 ya 2021. Kilichonishika sio chipu za sauti (zipo nne, CS43198), ni betri. Ina betri mbili, moja ya kioo na prosesa, nyingine ya amplifaya peke yake, kwa hiyo umeme wa sauti hauchanganyiki na kelele za upande wa kompyuta. Inakuja na AMP11, na ukitaka ladha ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) kuna AMP13 yenye Nutube ya Korg, valvu ya kisasa iliyo bapa. Halafu DX320 iliyotoka 2022 inapokea amplifaya hizohizo, maana yake moduli utakayonunua leo utahama nayo, na hili kwangu ndo lililoipa nafasi ya kwanza. Ubaya wake ni ukubwa, kioo inchi 6.5, mfukoni inakaa kama tofali, na ikiwa mpya ilikuwa kwenye dola 1,200 hivi.

Namba mbili Cayin N6ii ya 2019. Hapa hubadilishi amplifaya tu, unabadilisha na DAC yake, yaani ile chipu inayogeuza namba za faili kuwa sauti. Moduli A01 ina AK4497, T01 ina PCM1792A mbili, E01 ina ES9038Pro na unaweza kuiweka klasi A (mtindo wa amplifaya unaokula umeme zaidi), R01 haina chipu ya DAC kabisa, kazi hiyo inafanywa na rezista zilizopangwa kama ngazi. Kwa mtu anayependa kulinganisha sauti hii ni raha tupu, ila kila moduli ni hela ya maana, na ukijumlisha mbili tatu unakuta umeshanunua pleya nyingine. A01 ukiipata kwa bei nzuri ishike, kiwanda cha AKM, watengenezaji wa hiyo AK4497, kule Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020 na chipu hizo zikaadimika.

Tatu ni Astell&Kern SE180, ya 2021 pia. Nayo inabadilisha DAC na amplifaya kwa pamoja, SEM1 ni ES9038PRO, SEM2 ni AK4497 mbili. Imetengenezwa vizuri sana, lakini ilitoka kwa dola 1,499 na Android yake imefungwa, Play Store hakuna, apu unaziingiza mwenyewe. Kwa bei hiyo mimi nashindwa kuipandisha juu zaidi.

Nne, na hii ndo ya mwenye bajeti, FiiO X7 Mark II ya 2017, ya mtumba. DAC yake ni ES9028PRO, ina nafasi mbili za memori kadi, na moduli ya AM5 inasukuma hedifoni kubwa bila shida. Moduli zake zinaingia pia kwenye FiiO Q5, ile DAC na amplifaya ya mkononi. Ila Android yake ni ya zamani, apu nyingi za kustrimu zitakusumbua, kwa hiyo inunue kama unasikiliza faili zako za FLAC (faili za muziki zisizopunguzwa ubora) kwenye kadi. X7 ya kwanza ya 2015 iache labda uipewe karibu na bure.

Sasa sikilizeni, hili limeniuma. Pleya yangu ya kwanza ya aina hii niliichukua mtumba kwa sababu ilikuwa bei poa, nikasema moduli ya nguvu nitaitafuta taratibu. Aisee, nimezunguka karibu mwaka mzima, haitengenezwi tena, na wachache waliokuwa nayo wanataka nusu ya bei ya pleya yenyewe na hapo bado usafiri na ushuru mpaka Dar. Nunua pleya na amplifaya unayoihitaji SIKU MOJA, hata kama itabidi usubiri miezi miwili kukusanya hela.

Na kwa mtumba, mwambie muuzaji achomoe moduli akupigie picha pini za pande zote mbili, pini ikipinda sauti inakatika upande mmoja. Angalia mgongo wa pleya kama umevimba, hiyo ni betri. Na bisibisi yake ndogo uiulizie, zile skrubu ukizilazimisha na bisibisi ya fundi simu vichwa vinaisha.