Ugomvi wa Kiyoyozi Ofisini: Umweleze Mwenzako au Umwendee Msimamizi?
Katika ofisi za Dar es Salaam, ambako aliyeketi chini ya kiyoyozi kilichowekwa nyuzijoto 18 hujitanda mtandio huku wa dirishani akitokwa jasho, mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo nafuu zaidi, kwa kuwa hayamfedheheshi mtu, hasa yakifanyika faraghani baada ya kujuliana hali. Hata hivyo, makubaliano ya mdomo husahaulika upesi, na mwenye cheo kidogo huona haya kumkosoa mkubwa wake. Msimamizi anaweza kuweka kanuni inayowabana wote, tuseme nyuzijoto 24, na kwa upande wa uhakika njia hii inashinda mazungumzo. Lakini mwenzako akihisi ameshtakiwa, ubaridi utahamia kwenye salamu. Jirani wa meza mnayeelewana, mweleze mwenyewe. Aliyekwisha kukupuuza, au chumba cha watu wengi, kinahitaji msimamizi.