Uzoefu wangu: kuzima tachipadi kwenye Ubuntu, na fundi aliyeniambia imekufa

Hili jambo limenikaa rohoni na nikinyamaza litaniumiza. Wenye laptopu za Ubuntu (aina ya Linux, mfumo unaowekwa badala ya Windows) hapa Kigoma mjini mnaotafuta fundi, someni kwanza.

Nina steshenari Mwanga. Kazi yangu kubwa ni kuchapa: mikataba ya kuuziana viwanja vya Gungu, injini za boti za watu wa Kibirizi, katiba za vikoba, barua za kuomba kazi. Ubuntu 22.04 niliwekewa na mpwa wangu kwa sababu ya flashi za wateja. Aliyewahi kukaa steshenari anavijua vile virusi vinavyoficha mafaili ya mtu na kumwachia shotikati tupu. Windows yangu ilikuwa haimalizi mwezi bila kupelekwa kwa fundi. Sasa hivi flashi inaingia na uchafu wake na kutoka nao, mashine yangu haishtuki. Kwa hilo tu Ubuntu naipa alama zote.

Kilichonisumbua ni tachipadi, kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole. Vitufe vya laptopu vimechoka, herufi A haipokei, kwa hiyo nimechomeka kibodi ya pembeni, na kwa kuwa meza yangu ni finyu naiweka juu ya laptopu yenyewe. Kiganja kikishuka kidogo kinagusa tachipadi, mshale unaruka. Nachapa jina la muuzaji, nusu yake inaangukia kwenye aya ya bei. Mzee mmoja wa Kibirizi alisoma mkataba wake kwa sauti pale kaunta akakuta jina la shahidi limesimama katikati ya milioni zake. Kazi yangu ni karatasi za watu kuaminiana. Siwezi kufanya kazi hivyo.

Nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Jina simtaji wala kibanda chake. Aliwahi kunitengenezea bawaba ya kioo, akatengeneza vizuri, ndiyo maana nilirudi kwake. Kanipokea vizuri tu, "Shikamoo mama," kanipa na stuli. Nikamweleza: naomba unizimie tachipadi, natumia mausi, siihitaji. Maneno hayo hayo.

Akafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaandika xinput list, amri ya kuorodhesha vifaa kama mausi na kibodi. Ikaja orodha ya majina yanayoanza na xwayland, pointer na keyboard. Tachipadi haimo. Akageuza kioo kuniangalizia, akasema: "Mama, hii imekufa. Mfumo hauioni kabisa. Tuagize nyingine Kariakoo, andaa elfu tisini."

Nikamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kama imekufa, mshale unarushwa na nani?" Nikaweka kidole pale pale, mshale ukatembea mbele ya macho yake. Mimi nauona, yeye anauona.

Akasema: "Mama, fundi ni mimi au ni wewe?"

Kulikuwa na vijana wanasubiri simu zao, wakacheka. Naye alipoona wanacheka akanogewa. Akasema Linux si mambo ya akina mama wa steshenari, nimletee elfu ishirini anirudishie Windows jioni hiyo hiyo nipumzike. Hakuwa amegusa kingine chochote. Amri moja, jibu moja, hukumu. Mtu hajui, sawa, hakuna anayezaliwa anajua. Lakini mteja anakuonyesha kwa kidole kitu unachodai hakipo, na wewe unaona heri umchekeshee watu kuliko kuangalia tena! Nilichukua laptopu yangu nikatoka natetemeka.

Usiku nikampigia mpwa wangu, anasoma Tabora. Hata sijamaliza akaniuliza, "Shangazi, hiyo xinput ilileta majina ya xwayland?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi tachipadi ni nzima.

Alivyonieleza ni hivi. xinput ni chombo cha Xorg, ule mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Ubuntu 22.04 kwenye mashine nyingi inawaka na Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo, na humo xinput inaona vifaa vya bandia tu, vilivyowekwa kwa ajili ya programu za zamani. Vifaa halisi vinashikwa na GNOME yenyewe, yaani programu inayoendesha madirisha na menyu za Ubuntu, kupitia libinput, kisomaji chake cha mausi, kibodi na tachipadi. Fundi wangu aliita majina ya watu wa Ujiji kwa daftari la Kasulu, asiyeitika akamwandika marehemu. Na hata angeingia kwa "Ubuntu on Xorg", ile unayoichagua kwenye kialama cha gia kilicho pembeni wakati wa kuandika nywila, xinput disable ingeizima mpaka nizime mashine tu. Ukiwasha tena, tachipadi imerudi.

Nikamuuliza pia kwa nini inaruka wakati najua Ubuntu ina kinga ya kuzima tachipadi mtu anapochapa. Kinga ipo, na imewashwa tangu mwanzo, ila inasikiliza kibodi ya laptopu yenyewe. Kibodi ya kuchomeka haiihesabu. Hapo ndipo nilipoelewa mateso yangu yote yalianza lini.

Kisha akanitumia mstari huu, nikaunakili kwenye terminali, bila sudo (ruhusa ya msimamizi wa mashine), bila nywila:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events disabled-on-external-mouse

Mausi ikiwa imechomekwa, tachipadi inalala. Ukichomoa mausi, inaamka. Nimezima na kuwasha mashine, bado inatii. Ukitaka ife moja kwa moja, mwishoni unaweka disabled. Ukitaka kuirudisha, enabled. Nilichapa katiba nzima ya kikundi cha akina mama wauza dagaa na mshale haukuruka hata mara moja. Nilifurahi hadi machozi, siwafichi.

Angalizo mbili. Mpangilio huu ni wa akaunti moja moja: binti anayenisaidia ana akaunti yake, kwake iliendelea kuruka mpaka naye nikamwandikia. Na wenye mausi zisizo na waya, hizi za bei rahisi, kile kidude kikibaki kwenye mashine huhesabiwa kuwa mausi ipo, hata betri ikiwa imeisha. Kichomoeni ndipo tachipadi irudi.

Lakini nilisema Ubuntu naipa alama zote, na sasa narudi nyuma. Kwenye mipangilio kuna swichi ya kuzima tachipadi na kuiwasha, basi. Hili la kulala mausi ikiwepo, ambalo ndilo watu wengi tunalitaka, halipo kwenye lile dirisha. Limo ndani, linafanya kazi, halafu limefichwa kwa mtu asiyejua terminali! Asiye na mpwa kama wangu afanye nini? Wanaotengeneza GNOME wangeweka mstari mmoja tu pale, mimi nisingesimama kwenye kibanda cha watu nachekwa. Alama zote hapana. Robo tatu.

Na fundi? Nilikusudia kuandika msikanyage pale kabisa. Haki ya Mungu, kwa bawaba, kioo, tundu la chaji, mikono yake ni mizuri na bei yake si mbaya, nendeni. Kwa Linux msiende. Lakini kila nikikumbuka "fundi ni mimi au ni wewe" naona hata bawaba simpelekei tena. Anayemcheka mteja kwenye tachipadi atamcheka kwenye bawaba. Msiende.

Na kabla sijatoka alinidai elfu tano, eti ya kuangalia. Nikalipa, maana watu walikuwa wanatazama. Aliangalia nini? Nazitaka zirudi.