Nimeenda kwa mshauri nasaha mara 5 kwa ajili ya stresi, haya ndo niliyokutana nayo (nyota 4 kati ya 5)

Jina la kituo siweki hapa maana sijawaomba ruhusa, ila kipo Kinondoni, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, na mi natokea Tandika ambako nina kibanda cha uwakala, natoa na kuweka pesa mitandao yote pamoja na luku. Naandika kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta sana mtu aliyewahi kwenda aniambie humo ndani wanakufanya nini, sikumpata. Kila mtu anakwambia kaombewe au pumzisha akili.

Mimi ilianza na shingo. Inakaza kama nimebebeshwa ndoo kutwa nzima, alafu usingizi ukawa unakatika saa 9 usiku naanza kupiga hesabu za floti (ile pesa ya kuhudumia wateja kibandani) gizani, tumbo linawaka, na ikiingia simu ya namba ngeni moyo unaenda mbio mpaka mikono inatetemeka. Nikapima malaria hakuna, taifodi hakuna, UTI hakuna, presha ikasoma 148 kwa 94, daktari akaniuliza dada una mawazo gani nikamjibu sina. Na sikuwa namdanganya, maana sijafiwa, mume ninae, watoto wana afya, kibanda kinaingiza, sasa mawazo ya nini? Hiyo ndo ilikuwa inaniumiza zaidi, najiona kama nakufuru.

Mshauri ni mama wa makamo, namwamkia shikamoo na yeye ananiita mwanangu, hana haraka kabisa. Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini, nilipomwambia tumbo linawaka hakuniambia ni mawazo tu, alinituma kwanza hospitali nikapime wale bakteria wa vidonda vya tumbo, akasema watu wengi wanasingizia mawazo kumbe ni bakteria anatibika kwa dozi, na mpaka nirudi na majibu ndo tukaendelea. Mi sikuwa nao.

Siku hiyo ya majibu akanipa karatasi ya madaktari wawili wa Marekani, Holmes na Rahe, ya mwaka 1967, ina matukio 43 na kila tukio lina alama zake. Kufiwa na mume au mke ni 100, talaka 73, hata kufunga ndoa kumo, 50, kwa sababu jambo la furaha nalo linakubadilishia maisha na mwili unapata kazi ya kuzoea. Unajumlisha ya mwaka mzima. Mi nikapata kuhama nyumba 20, kubadilika masaa ya kazi 20, mkopo mdogo 17, usingizi kuvurugika 16, jumla 73, na hiyo karatasi ukiwa chini ya 150 hata haikuhesabu kwamba uko hatarini. Nikamwambia mama si unaona, sina sababu.

Akaniambia mwanangu hiyo karatasi inahesabu mawe makubwa, wewe umejaa mchanga. Akanieleza kwamba mwaka 1981 wataalamu wengine, mmoja wao anaitwa Lazarus, walichukua watu 100 wakawafuatilia kwa miezi kadhaa wakiwa na orodha ya kero ndogo ndogo 117 za kila siku, kupoteza vitu, bei kupanda, kelele za jirani, wakakuta hizo kero zinaeleza hali ya akili ya mtu vizuri kuliko yale matukio makubwa. Alafu akanipa daftari akasema wiki nzima andika kila kitu kinachokukaza shingo hata kama unaona aibu kukiandika.

Nikaandika vitu 31. Floti kuisha saa 12 jioni wakati ndo watu wamejaa, mteja kakosea namba ye mwenyewe alafu ananiita mwizi mbele za watu, noti bandia, kufunga saa 3 usiku nimebeba pesa na kila bodaboda ikipunguza mwendo nyuma yangu nashtuka, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa mchango wa mtihani. Magrupu manne ya michango ya harusi yaani kila asubuhi "wadau tukumbushane ahadi zetu" na jina langu liko pale halina tiki. Na ule mkopo wa kausha damu, wa riba kubwa, nilichukua laki 5 narudisha laki 6 na nusu kwa mwezi, kila Jumatatu wanapiga simu kabla jua halijachomoza. Nilipoandika hiyo nikaelewa kwanini namba ngeni inanitetemesha.

Hapa ndo pesa yangu ilipolipa kwa kweli. Alinifafanulia kwamba juu ya figo kuna tezi zinamwaga adrenalini na homoni nyingine inaitwa kotisoli, moyo unakimbia, misuli inakaza, sukari inapanda kwenye damu, yote ili upigane au ukimbie, na hiyo ni nzuri kama kweli mwizi yuko mlangoni. Lakini mwili hautofautishi mwizi na simu ya mkopo wala ujumbe wa kamati ya harusi, unajiandaa vile vile, mara kumi mara ishirini kwa siku, bila kukimbia popote, na kotisoli ikibaki juu muda mrefu ndo usingizi unaharibika. Yaani nililia. Sio kwa uchungu, ni kwamba mtu kanionyesha mwili wangu ulikuwa unafanya kazi yake, mi sikuwa mvivu wala sina imani haba.

Tukapitia ile orodha akasema weka alama pale mkono wako unapofika. Nikapata 9 tu kati ya 31, ila hizo 9 tumezifanyia kazi moja moja. Nafunga saa 2 badala ya saa 3, nimepoteza wateja kidogo ila narudi barabara bado ina watu. Simu ya kazi inazimwa na inabaki sebuleni. Kwenye harusi sikutoka magrupu maana kwetu hiyo ni kumvunjia mtu heshima, nilimpigia kila mwenyekiti wa kamati nikamwambia nina elfu 30 naituma leo na zaidi ya hapo sina, wawili walinuna, mmoja akanishukuru kumwambia mapema. Pia kuna kupumua, unavuta pumzi kawaida alafu unaitoa taratibu sana, mapigo ya moyo yanashuka kweli, nafanya mteja akianza kufoka.

Sasa mabaya yao, na hapa ndo nyota moja imeondoka. Mapokezi yule binti aliniita kwa jina langu lote akaongeza "wa msongo wa mawazo" watu wamekaa pale saba, nikatamani kushuka ngazi nirudi nyumbani. Nilimwambia mama, mara ya pili wakawa wanaita namba, lakini mtu mwoga kuliko mimi asingerudi. Ukuta wa kile chumba ni mbao tupu, ukiwa unasubiri unasikia mtu analia ndani, hiyo hawajarekebisha mpaka leo na nimewaambia mara mbili. Bei ni elfu 35 kwa dakika 50, ongeza nauli ya daladala kwenda na kurudi na nusu siku kibanda kimefungwa, kwa wakala mdogo ni pesa inauma, niliweza kwa sababu nilikuwa naenda mara moja kila wiki mbili.

Na deni halijaisha, nisije nikamdanganya mtu. Nimebakiza wiki mbili kulipa na Jumatatu bado wanapiga, tofauti napokea nikiwa nimeshakunywa chai, najibu italetwa saa ngapi, nakata. Presha juzi imesoma 132 kwa 84. Usingizi unakatika mara moja moja, sio kila siku.

Ukienda nenda asubuhi, mchana kile chumba kina joto na feni ni moja, na anza kuandika daftari lako wiki moja kabla, utaokoa hela ya kikao kizima.