Huduma ya maombi ya vyuo kwenye stationari za Mwanga, Kigoma: nzuri kwa kujaza, dhaifu kwa kushauri

Kuchapa, kuskani na kutengeneza kontroli namba wanajua vizuri. Tatizo linaanza mteja anapouliza, "Nitapata?" Wengi hujibu kwa kutazama divisheni, na hapo ndipo hela inapopotea. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanaangalia alama za masomo ya kidato cha sita: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kima cha chini ni principal mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayotakiwa na kozi husika. S, iliyo chini ya E, ina 0.5 lakini si principal. Kwa hiyo mwenye D, D, E ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) anafuzu kozi kadhaa za sayansi, ila udaktari hapana, kwa sababu unataka angalau D zote tatu, yaani pointi 6. Kumjazia udaktari vyuo vitatu ni kumtoza ada bure. Nenda na kitabu cha mwongozo cha TCU kwenye simu, fungua ukurasa wa kozi mbele yao.

Kusubiri mwaka mmoja ili urudie kama mtahiniwa wa kujitegemea kuna maana kama umekosa daraja moja tu. Usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani) hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, basi amua mapema. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) haukimbii kwa mwaka mmoja.

Na jambo dogo: hakikisha akaunti ya maombi imefunguliwa kwa namba yako ya simu, si ya dukani. Msimbo wa kuthibitisha chuo ulichochagua huja kwenye namba hiyo.