Fujifilm X-T5: Mwezi Mmoja wa Kufundisha Vidole Upya

Kwa miaka tisa nilipiga picha za harusi hapa Unguja kwa kamera ya kioo (DSLR), ile ambayo mtu akishaizoea haitazami tena, kwa sababu kila kidole kinajua pa kwenda. Nilipohamia Fujifilm X-T5, kamera isiyo na kioo iliyoingia sokoni Novemba 2022, nilijipa siku mbili za kuizoea. Zilinichukua wiki nne, na nilichokwama nacho hakikuwa kile nilichokiogopa.

Nilikuwa nimeogopa magurudumu. Juu ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yapo matatu: la ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) upande wa kushoto, na la kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) pamoja na la fidia ya mwanga (kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) upande wa kulia, ilhali lenzi nyingi za Fujifilm ziitwazo XF zina pete yake ya kufungua na kufunga tundu la kupitishia mwanga. Namba zimechorwa wazi, kwa hiyo hesabu yote ya mwanga inasomeka hata kamera ikiwa imezimwa mezani. Kwenye ISO, kasi na tundu ipo pia herufi A, yenye maana kwamba kamera itaamua yenyewe. Nilianza na A zote tatu, nikaondoa ya tundu, baada ya wiki nikaondoa ya kasi, na kufikia hapo nilikuwa nimeuelewa mwanga wangu vizuri kuliko nilivyouelewa kwa miaka mingi ya kutegemea mazoea.

Kinachosaidia zaidi ni kitundu cha kutazamia, ambacho ni skrini ndogo inayoonyesha picha takriban kama itakavyotoka. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe aliyesimama mbele ya ukuta wa chokaa ni mtihani wa kale: kipima mwanga kinadanganyika na weupe ule, kanzu inatoka kijivu, uso unazama gizani. Zamani ningepiga, nikatazama nyuma, nikarekebisha, nikapiga tena huku watu wakisubiri. Sasa nazungusha gurudumu la fidia kwa kidole gumba mpaka +1, naiona kanzu ikirudi kuwa nyeupe, ndipo nabonyeza.

Kilichonitesa ni swichi moja ndogo iliyoko mbele ya bodi, kando ya lenzi upande wa chini, mahali ambapo jicho la mpigaji halifiki. Ina herufi tatu: S kwa kitu kilichotulia, C kwa kitu kinachokwenda, na M kwa fokasi ya mkono, yaani mpigaji mwenyewe ndiye anayeulenga ukali wa picha. Jioni moja nilikwenda Forodhani na mpwa wangu kuwapiga vijana wanaojirusha baharini. Shata ya kawaida ya kamera hii, ile ya mitambo, inafika picha 15 kwa sekunde, nami nikazifyatua kwa raha mpaka jua likazama. Mpwa wangu alipozipitia picha aliuliza kwa adabu, "Mjomba, mbona wote wana ukungu?" Mkanda wa begi ulikuwa umeisukuma swichi hadi M, na fokasi ikabaki palepale ilipokuwa, mbele kidogo ya ukuta. Alama ya fokasi ya mkono ilikuwepo kwenye kitundu muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa sijajifunza kuitafuta.

La pili ni la namna hiyohiyo. X-T5 hutambua nyuso na macho ya watu, na vilevile wanyama, ndege, magari, pikipiki na baiskeli, ndege za angani na treni. Kinachomponyoka mwanafunzi ni kwamba ukiwasha utambuzi wa vitu hivyo, ule wa nyuso unajizima. Asubuhi nilifanya majaribio na kunguru, na alasiri nikaingia kwenye nikahi na kamera ambayo bado ilikuwa ikitafuta mabawa. Dawa yake ni kuviweka vipengele vyote viwili kwenye menyu yako mwenyewe, ukurasa wa kwanza, na kuvikagua kabla ya kila kazi.

Ukumbini nako kuna somo. Shata ya kielektroniki haitoi sauti, na inavutia sana wakati wa dua, lakini chini ya taa nyingi za LED huacha mistari ya giza kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Rudi kwenye shata ya kawaida, weka kasi ya 1/100, na mistari mingi itatoweka. Nje, juani, nimeipenda DR400, mpangilio wa kamera ambao huokoa weupe usiungue. Unadai ISO isipungue 500, jambo litakalomshangaza aliyezoea kuanzia 100 mchana.

Kuhusu rangi, kamera ilitoka ikiwa na miigo 19 ya filamu, yaani mipangilio inayoiga rangi za mikanda ya picha ya zamani, mingine ikiwa na majina ya filamu halisi kama Velvia, iliyotoka mwaka 1990. Tuliokuwa tukipeleka mikanda kusafishwa dukani tutaitambua ladha yake. Kwa bahari na milango ya Mji Mkongwe, Velvia ni tamu. Kwa ngozi zetu inatia wekundu mno, na mimi hutumia mwigo mwingine, Astia.

Bodi ina gramu 557 pamoja na betri na kadi, na bega langu linashukuru. Megapikseli 40 zina gharama yake: faili moja ya RAW (picha ghafi kutoka kwenye kamera) isiyobanwa inazidi megabaiti 80, kwa hiyo chagua ile inayobanwa bila kupoteza kitu, vinginevyo kompyuta ya zamani italia. Video nimeigusa kidogo tu na sitaisemea.

Ilipotoka, bodi peke yake iliuzwa dola 1,699 Marekani, bila lenzi. Mwenye harusi Jumamosi hii na kamera moja tu asiinunue Alhamisi. Mwenye kamera ya akiba na wiki chache za kukosea bila kumkosea mteja aichukue, na aanze kwa kuitafuta ile swichi ya mbele kwa kidole, gizani, mpaka aijue. Yangu siku hizi ina kipande cha utepe mweusi juu yake.