Alfajiri au Jioni: Kuvuka Nyika ya Taru kwa Baiskeli

Mwendesha baiskeli anayevuka Nyika ya Taru nchini Kenya, kutoka Mariakani kwenda Voi, peke yake wakati wa kaskazi anaweza kulikwepa jua kwa njia mbili: kuondoka alfajiri na kujipumzisha kivulini adhuhuri, au kushinda amelala na kuanza safari jioni.

Jioni inadanganya. Jua limeshuka, lakini lami iliyochomwa kutwa nzima bado inatoa joto, na maji ya chupani yamekuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Kwa kuwa ikweta iko karibu, giza huingia upesi, na malori yatokayo bandarini humpiga taa kutoka nyuma mtu asiye na mwenzake wa kumwangalizia nyuma. Tena, kuelekea Voi, tembo nao huvuka barabara.

Anayeondoka alfajiri hukuta lami imepoa, hunywa chai katika mji mdogo wa Mackinnon Road ulio njiani, kisha hulipia nafuu hiyo kwa saa nne au tano za kukaa bure chini ya mti, shati likiwa limekauka na kuacha michirizi myeupe ya chumvi, ambayo maji matupu hayairudishi mwilini. Mimi huchagua alfajiri, ingawa kuamka kwenyewe hunikera.